Hakuna Mayai ya Ghafla, Ni Wewe Hukuwa Unaangalia

Wasee, tuongee kuhusu zile klipu.

Mnazijua. Msee ameinua kamera juu ya kitangi cha kioo, ama beseni, ama ile kasha ya plastiki ya kuweka nguo, na ndani kuna mjusi amechoka mpaka macho yamedidimia. Kando yake kuna mayai meupe yametapakaa kama njugu zilizomwagika. Halafu sauti inasema, "Aki sijui hii imetoka wapi! Simba ametaga! Kumbe Simba ni mwanamke!" Emoji za kucheka. Maelfu ya likes. Watu wanaandika "hongera mama Simba" na "tuuzie moja."

Mimi sicheki. Nitasema kwa nini, na wenye hasira mtanipata huku chini.

Msimamo wangu ni huu: hakuna mayai ya ghafla. Yai la mjusi halianguki kutoka mbinguni. Linajengwa ndani ya mwili wa mnyama kwa wiki kadhaa, kwa kalsiamu inayotolewa kwa chakula chake, na chakula kisipotosha inatolewa kwa mifupa yake mwenyewe. Tumbo linavimba. Anaacha kula. Anazunguka usiku na mchana akikwaruza pembe za kitangi. Hizo zote ni habari, tena habari za sauti ya juu. Wewe ukisema "ghafla" unamaanisha hukuwa unaangalia. Na mnyama aliyefungwa mahali ambapo hawezi kujisaidia, kitu ya kwanza anayodai kutoka kwako ni macho yako.

Sasa nichukue visingizio kimoja kimoja, maana nimevisikia vyote.

"Sikujua ni jike"

Hiki ndicho kinachorudiwa zaidi, na ndicho chepesi zaidi kukijibu.

Umeona vile watu wetu hupeana majina? Simba. Rambo. Jomo. Otero. Mtu akishika mjusi, kichwani mwake ni dume mpaka siku ya mayai. Hakuna aliyeangalia. Hakuna aliyeuliza. Tunadhani mnyama "wa kawaida" ni dume, jike ni habari ya kushtua. Hiyo peke yake ni mada ya siku nyingine.

Lakini kujua si kazi ya profesa. Chukua geko chui, yule mjusi mdogo wa njano mwenye madoa, ambaye kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani ni kama paka. Kwao asili ni Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Dume aliyekomaa ana mstari wa vitundu uliopinda kama herufi V mbele ya tundu lake la chini, na nyuma yake vivimbe viwili vinaonekana wazi. Jike hana hivyo vivimbe, na mstari wake ni hafifu. Unamwangalia chini kupitia kioo, sekunde thelathini, umemaliza. Umetumia muda mrefu zaidi kuchagua wimbo wa kuweka kwa klipu.

Na hawa wetu wa hapa je? Yule mjusi wa mawe mwenye kichwa cha rangi ya machungwa na mwili wa bluu, anayepiga pushapu juu ya ukuta akikuangalia kama mlinzi wa klabu, huyo ni dume. Yule wa kahawia asiye na mbwembwe, anayepita kimya kando yake, mara nyingi ndiye jike. Kule Maasai Mara kuna ndugu yao wa waridi na bluu ambaye watalii humwita Spider-Man, na mambo ni yayo hayo: dume ndiye kavaa nguo za sherehe.

Hata yule mjusi wa ukutani, mjusi kafiri, yule wa kukimbia nyuma ya kabati ukiwasha taa. Akiwa na mayai unayaona. Ngozi ya tumbo lake ni nyepesi, na mayai mawili yanaonekana kama tembe mbili nyeupe pembeni. Nimeyaona nikiwa nimelala kitandani bila kusoma kitabu chochote. Na yale maganda mawili meupe magumu mnayoyapata mkihamisha kabati mwisho wa mwezi? Ndiyo hayo. Hujawahi kumfuga na bado amekuonyesha kila kitu. Wewe uliyemweka kwa kioo hukuona nini?

"Lakini hakuna dume hapa, hii ni miujiza"

Hapana. Si miujiza, na si uchawi wa jirani.

Kuku wa kienyeji anataga bila jogoo. Mama yako anajua, nyanya yako anajua, mama wa mayai pale kibandani anajua. Yai bila jogoo halitaangua, lakini yai ni yai. Majike wengi wa mijusi wanaofugwa wako hivyo. Akikomaa, akipata joto na chakula cha kutosha, mwili wake unaanza kutengeneza mayai, dume awepo asiwepo. Geko chui hutaga mawili mawili, tena mara kadhaa kwa msimu mmoja. Kinyonga wa Yemen, ambaye ni maarufu sana kwa biashara ya wanyama huko ng'ambo, anaweza kutoa makumi ya mayai kwa mkupuo mmoja bila kuona dume maishani mwake. Na ukimshibisha kupita kiasi, anatengeneza mengi zaidi. Ndiyo, unaweza kumuumiza kwa kumpenda vibaya.

Sababu ya pili inawahusu nyinyi mnaookota. Jike wa kinyonga anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi. Umemtoa kwenye ua Januari, hajakutana na mwingine kwako, na baadaye anataga mayai yenye uhai. Alikuja nayo. Hukumchukua mnyama mmoja, umechukua familia nzima na hukujua.

Na kuna sababu ya tatu, adimu lakini ya kweli. Mwaka 2006, katika bustani ya wanyama ya Chester kule Uingereza, joka wa Komodo anayeitwa Flora alitaga mayai yenye uhai bila kuwahi kuwa na dume, na watoto wakaangua mapema mwaka uliofuata. Wanasayansi walipima vinasaba wakathibitisha hakukuwa na baba. Kuna hata aina za geko wadogo wa visiwa vya Pasifiki ambao karibu wote ni majike, wanazaana wenyewe kwa wenyewe.

Kwa hivyo "hakuna dume" si ulinzi. Ukifuga jike, panga kama mtu anayefuga jike. Kwisha.

"Ni mjusi tu, atajipanga"

Hapa ndipo hasira yangu inaishi.

Porini, jike akiwa tayari anatafuta udongo wenye unyevu, anachimba, mara nyingi anachimba shimo la kwanza anaona si zuri, anaacha, anachimba jingine. Akiridhika anageuka, anataga, anafukia, anakanyagakanyaga mpaka hujui palichimbwa. Halafu anaenda zake. Hiyo ndiyo kujipanga.

Kwako wewe, amewekwa juu ya gazeti. Ama kapeti ya plastiki ya kijani. Ama vigae. Anachimba nini hapo? Anakwaruza kioo mpaka kucha zinatoka damu na wewe unarekodi ukisema "ona anataka kutoka, ana stress, lol."

Jike asipopata mahali anapoona panafaa, anaweza kuyashikilia mayai. Hayatoki. Yanakaa ndani, anaishiwa nguvu, misuli inakosa kalsiamu ya kusukuma, na anakufa. Si kwa dakika, ni kwa siku. Hii ni dharura inayojulikana na kila daktari anayetibu reptilia. Matibabu ni maji, joto, sindano za kalsiamu na dawa za kuchochea misuli, na ikishindikana ni kumpasua. Mnyama wa gramu hamsini akipasuliwa tumbo kwa sababu ulikataa kumwekea ndoo ya mchanga. Tafakari hiyo.

Ndoo ya mchanga. Ndiyo gharama ninayoongelea. Mchanga uliochanganywa na udongo, umelowa kiasi kwamba ukiufinya kwa ngumi unashikana lakini hautoi maji. Kina cha kutosha azame mzima na azidi, kwa kinyonga mkubwa ni kama sentimita ishirini au thelathini. Unaufunika upande wa kitangi kwa leso ili asione watu. Unaweka maji. Halafu unatoka, na simu yako. Jike anayetazamwa akichimba huacha kuchimba, na huo ndio ukweli mchungu kwa taaluma yetu: ile klipu ya kutaga mnayoitaka sana ndiyo inaweza kumfanya asimalize kutaga.

Na tafadhali, yule aliyeandika eti "msaidie kumkamua" afungiwe intaneti. Usimfinye tumbo. Mayai yanaweza kupasukia ndani, na hapo umemuua kwa mkono wako.

Akishamaliza utamwona: mwembamba, ngozi imelegea ubavuni, amechoka kama mtu aliyetoka leba. Maana ametoka leba. Anataka maji kwanza, halafu wadudu waliopakwa unga wa kalsiamu, joto lake la kawaida, na amani. Hataki kushikwa. Hataki kupitishwa mikononi mwa marafiki wako kumi na wawili waliokuja kuona mayai.

"Sasa nayaangua, nitakuwa na thelathini!"

Ndugu yangu, dada yangu, kaa chini.

Kwanza yaelewe. Yai la mjusi si yai la kuku. Kuku hugeuza mayai yake kila siku na yanahitaji hivyo. Yai la mjusi likishatulia, kiinitete kinajishikiza ndani, na ukiligeuza unaweza kukiua. Ndiyo maana wanaojua huweka alama ndogo ya penseli juu ya kila yai kabla ya kulisogeza, ili juu ibaki juu. Kisha linawekwa kwenye kasha lenye unyevu na joto lisilopandapanda na kushuka. Ukimulika kwa tochi gizani na ukaona mishipa myekundu, kuna mtu ndani. Likibonyea, likawa njano na kuota ukungu, halikuwa na kitu.

Kwa geko chui, joto la kuangulia ndilo huamua kama watoto watakuwa majike au madume. Yaani stima ikipotea usiku, na sote tunajua stima ya huku, umebadilisha jinsia za watoto ama umewaua wote. Na mayai ya vinyonga wengi wanaotaga hukaa miezi mingi kabla ya kuangua. Miezi. Wewe huwezi kumaliza tokeni za wiki bila kukopa, utashikilia joto moja mpaka mwaka uishe?

Halafu wameangua. Thelathini. Kila mmoja anataka wadudu wadogo sana, kila siku, na wengi wao ukiwaweka pamoja wanaumana mikia na vidole. Kila mmoja anataka taa ya miale ya UVB, na hiyo taa hubadilishwa hata kama bado inawaka, maana miale huisha kabla ya mwanga. Utawapeleka wapi? Geko chui akitunzwa vizuri anaishi miaka kumi na tano, hata ishirini. Kama una miaka kumi na tisa leo, utakuwa unakaribia arobaini na bado unamnunulia nyenje. Wape hiyo hesabu wote wanaoandika "niwekee moja." Waulize watakuwa wanaishi wapi mwaka ujao, na kama landilodi anajua.

Kuangua si ushujaa. Kwa mijusi ya kigeni iliyozaliwa kifungoni, watunzaji makini huamua mapema, na kama hawana nafasi wanayagandisha mayai siku za kwanza kabisa kabla hakijaanza kukua kitu. Watu watasema ni ukatili. Ukatili ni kuleta viumbe thelathini duniani kwa ajili ya sehemu ya pili ya klipu yako.

"Nilimwokota tu kwa ua, si mtu alikuwa na yeye"

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu wengi wenu hamna geko chui. Mna kinyonga.

Anatolewa kwenye ua wa kayaba, anawekwa kwa mkebe wa rangi, anapandishwa matatu, anafika bedsitter, anakuwa kontenti. Na hapa niseme kitu ambacho wengi hawajui. Vinyonga wa Nairobi na nyanda za juu, yule wa pembe tatu anayeitwa wa Jackson na yule mwenye kofia kichwani anayeitwa wa Höhnel, hawatagi mayai kabisa. Wanazaa watoto hai, wanadondoka kwenye tawi mmoja mmoja, wananyooka na kuanza kutembea. Ukiona kinyonga ametaga chumbani kwako Nairobi, basi kuna uwezekano mkubwa alitoka mbali: chini, kwenye joto, labda Pwani, ambako kinyonga mwenye shingo ya mapanga huteremka mtini kuchimba udongo na kutaga mayai makumi. Mtu amemtoa Kilifi likizo akamleta Kasarani kwenye baridi ya Julai. Na sasa amefika mwisho wa safari ya mwili wake, amewekwa kwenye vigae.

Unasema hakuwa wa mtu. Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inasema tofauti. Kumfuga mnyama pori bila kibali ni kosa, na wanaoshughulika na hilo ni KWS. Vinyonga wetu pia wako kwenye orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hivyo kuwavusha mpaka kunahitaji karatasi. Kama unadhani sheria ni ya pembe za ndovu pekee, kumbuka wale chungu. Mei 2025, mahakama ya pale uwanja wa ndege wa JKIA iliwatoza vijana wawili kutoka Ubelgiji, wasiozidi hata miaka ishirini, faini ya kama shilingi milioni moja kila mmoja, au mwaka mmoja jela. Walipatikana na maelfu ya malkia wa chungu kwenye vichupa. Chungu! Wewe uko na kinyonga mwenye mayai, umejiweka jina na sura kwenye klipu, na umewasha eneo ulipo. Manze.

Lakini hata sheria isingekuwepo, ningesema vilevile. Mnajua kuna kundi zima la vinyonga ambalo jina lake la kisayansi limetoka kwa lugha yetu? Linaitwa Kinyongia, lilipewa jina hilo mwaka 2006. Mmoja wao anaishi Milima ya Taita, na msitu wake umebaki vipande vipande. Wanasayansi wa dunia nzima wanatamka neno la Kiswahili wakimtaja. Sisi wenye neno tunamtia kwenye mkebe wa rangi.

Tena usiniambie utamwachilia tu popote. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu walipelekwa Hawaii kutoka Kenya kwa mfanyabiashara wa wanyama. Walifika wamedhoofika, wakaachiliwa bustanini wapate nafuu. Wakapata nafuu na wakaenda. Leo wamejaa visiwani, wanakula konokono na wadudu wa asili ambao hawakuwahi kujifunza kuwaogopa. Huruma isiyo na akili nayo inaharibu.

Kwa hivyo kama sasa hivi, unaposoma, una kinyonga wa porini mwenye tumbo, mpigie simu KWS. Waambie ulimtoa wapi, ukweli mtupu. Pale alipotoka ndipo anapojua udongo, baridi na adui zake. Kama ameshataga, mayai usiyageuze, usiyaoshe, usiyapeleke kwa rafiki. Uliza kwanza.

"Watu wanalala njaa na wewe unalilia mjusi"

Hii huja kila mara, na mara nyingi inaletwa na mtu ambaye hajampa mwenye njaa hata chapati.

Sijasema mjusi ni zaidi ya mtu. Ninasema kitu kidogo sana: kama umechagua kumfungia kiumbe, umechukua kazi yake yote ya kujitafutia. Maji yake ni kazi yako. Joto lake ni kazi yako. Mahali pake pa kutagia ni kazi yako. Hakuna aliyekulazimisha. Njaa ya mtaani haipungui kwa kuwa kinyonga wako amekufa na mayai ndani.

Na kuna upande wa pili wa sarafu, wale wa kuogopa. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kinyonga ni mkosi. Ile hadithi ya zamani, ambayo makabila mengi ya Kiafrika yana namna yake: kinyonga alitumwa na ujumbe kwamba watu hawatakufa, akatembea polepole, mwingine akamtangulia na ujumbe wa kifo. Ni hadithi nzuri, nami naipenda. Lakini nimeona watu wazima wakimpiga mawe jike mwenye mimba akivuka barabara kwa sababu ya hadithi. Na nimeona vijana wakimcheka huyo mtu mzima, halafu wakamchukua jike huyohuyo wakamfia ndani ya nyumba kwa kutojali. Kwake yeye kuna tofauti gani? Mmoja alimuua akimwogopa, mwingine akimrekodi.

Kwa hivyo msifuge?

Wengine mtasema mimi nachukia watu kupenda wanyama. Hapana. Ninachopinga ni kupenda kusiko na kazi.

Udadisi ni kitu safi. Mtoto anayemwangalia mjusi nusu saa bila kumgusa anajifunza zaidi ya mwenye kitangi cha elfu ishirini. Nenda pale Snake Park kwenye Makumbusho ya Nairobi. Ukiwa Pwani, pita Bio-Ken kule Watamu. Uliza maswali ya kijinga, ndiyo kazi yao kuyajibu. Ukiwa na ua wa kayaba, kaa nao jioni na tochi. Kinyonga akilala hupauka, anang'aa kwenye mwanga kama jani lililofifia, ni rahisi kumwona kuliko mchana. Piga picha, mwache alale. Hiyo kontenti ni bure, haina kesi, na kesho yupo.

Na kama una mnyama halali, mwenye karatasi, basi nina maswali matatu kabla ya klipu inayofuata. Je, unajua ni jike au dume, kwa kuangalia na si kwa kukisia? Je, ana mahali pa kuchimba leo, hata kama hajawahi kutaga? Je, unamjua daktari mmoja anayetibu reptilia, kwa jina, na umeshamuuliza anatoza ngapi? La tatu ni muhimu sana, kwa sababu madaktari wengi wa wanyama hapa wamezoea ng'ombe, mbwa na paka, na saa nane usiku jike wako amekwama si wakati wa kuanza kuuliza WhatsApp group.

Majibu yakiwa ndiyo, ndiyo, ndiyo, siku akitaga haitakuwa ghafla. Itakuwa Jumanne tu. Utaona amechimba, utaona amekonda, utampa maji na kuondoka. Hautakuwa na klipu ya kushtuka, na hakuna atakayeandika hongera.

Jibu likiwa hapana hata moja, weka simu chini kwanza. Tafuta ndoo, tafuta mchanga, nyunyizia maji. Rekodi baadaye.